Aliyeusikia Ubongo Asiwasikie Wagonjwa

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Nami nakiri, msomaji mpenzi, kwamba kwa miaka mingi kichwa cha nyanya yangu kilikuwa kwangu usiku wa namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa Sotik, katika nchi ile ya vilima ambako majani chai hukutana na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Sisi Wakipsigis humwita nyanya kogo, na kogo wangu alisifika kwa kumbukumbu. Aliwajua ng'ombe wote wa boma, mama zao na mama za mama zao, na hapakuwa na deni katika kijiji kizima ambalo hakujua lilianza lini na kwa sababu gani.

Mambo yalianza kidogokidogo. Asubuhi moja alimimina maziwa ya mursik katika kibuyu ambacho hakikuwa kimesuguliwa kwa mkaa wa senetwet, yeye aliyewafundisha mabinti wote wa boma kazi hiyo. Kisha akapotea akitoka kituo cha kupimia majani chai, katika njia aliyoikanyaga kwa miaka zaidi ya 20. Baadaye akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Usiku aliamka na kuzunguka baina ya nyumba za majirani, akiwatafuta ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani. Katika hospitali tuliyompeleka tuliambiwa kwamba huo ni uzee tu, tumrudishe nyumbani. Kijijini nako yalisemwa mengine. Watu waliulizana, kwa sauti ya chini, ni mtu gani wa heri atembeaye usiku.

Sikuutambua uzito wa swali lile hadi mimi mwenyewe nilipoanza kuota mvi. Mwaka 2008, katika eneo la Kisii tunalopakana nalo, watu 11 waliuawa kwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti hiyohiyo ya Kisii, wanawake wanne waliokwenda umri waliuawa na umati kwa tuhuma kama hizo. Sisemi haya ili kumnyooshea jirani kidole. Kogo wangu alisalimika kwa kuwa alikuwa na wana na wajukuu wengi waliomzunguka, wala si kwa kuwa sisi wa Sotik tuliwashinda wengine kwa akili.

Tangu hapo nimejiuliza kama kweli yawezekana kujua linalotendeka ndani ya kichwa cha mtu aliye hai bila kukipasua. Katika kulitafuta jibu nilikutana na maisha ya tabibu mmoja wa Ujerumani, Hans Berger, ambaye wataalamu wote wa ubongo wanalijua jina lake. Ni maisha yenye fahari kubwa na aibu kubwa, na naona ni vyema kuyasimulia yote mawili.

Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa binti wa Friedrich Rückert, mshairi maarufu na bingwa wa lugha za mashariki, aliyefasiri mashairi mengi ya Kiarabu na Kiajemi kwa Kijerumani. Kijana Berger hakutaka udaktari. Alipenda hesabu na elimu ya nyota, na kwa ajili hiyo akaenda Berlin. Lakini masomo yale hayakumkaa, naye baada ya muda mfupi akajiunga na jeshi kwa utumishi wa mwaka mmoja.

Ni huko jeshini lilikotokea jambo lililoyageuza maisha yake. Siku moja katika mazoezi, farasi wake alishtuka na kumrusha chini, mbele ya magurudumu ya mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi wengine. Dereva wa mzinga aliwazuia farasi wake dakika ya mwisho kabisa, na Berger akaponea chupuchupu. Jioni ya siku ileile alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake akiulizwa hali yake. Dada yake, aliyekuwa mbali huko nyumbani, alikuwa ameshikwa ghafla na hofu kwamba ndugu yake yumo hatarini, akamsihi baba atume habari. Berger hakuweza kuamini kwamba hiyo ilikuwa sadfa. Alishawishika kwamba hofu yake mwenyewe ilikuwa imetoka kichwani mwake kama nguvu fulani na kumfikia dada yake. Akaacha nyota, akashika udaktari, ili aitafute nguvu hiyo.

Hapana shaka kwamba wazo lile lilikuwa na kosa. Hakuna aliyethibitisha hadi leo kwamba fikira za mtu husafiri hewani na kuingia katika kichwa cha mwingine. Lakini mara nyingi mtu huenda msituni kutafuta ng'ombe aliyepotea, asimpate, akarudi na habari ya chemchemi ambayo kijiji kizima kitakunywa.

Mwaka 1897 Berger alipata shahada yake ya udaktari na kuingia katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Jena, chini ya Otto Binswanger. Huyu Binswanger ndiye aliyeeleza, mwaka 1894, namna moja ya kupotewa na akili inayoletwa na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Zama zile zilikuwa za uvumbuzi mkubwa. Mwaka 1906 Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu angali katika umri wa miaka hamsini na kitu, na madoa na nyuzi alizozikuta katika ubongo wake chini ya hadubini. Ila Alzheimer, pamoja na ustadi wake wote, alilazimika kumngoja mgonjwa afe. Ubongo ulikuwa kitabu kilichoweza kufunguliwa kaburini tu.

Berger alitaka kukifunguua mapema zaidi. Kwanza alipima mapigo ya damu katika bongo za wagonjwa waliokuwa na matundu katika mafuvu yao. Kisha akapima joto la ubongo, akitumaini kwamba fikira zikipita litapanda na kushuka kwa namna inayosomeka. Miaka ilipita, na vipimo vile havikumpa alichokitafuta. Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake katika kazi hizo, wakajaliwa watoto wanne. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, naye akahudumu kama daktari wa akili wa jeshi. Mwaka 1919 akamrithi Binswanger kama mkuu wa kliniki.

Waliofanya kazi naye walimjua kama mtu mkali, mtaratibu, asiyependa mazungumzo, aliyeziendesha siku zake zote kwa saa. Hapana hata mmoja aliyemdhania kuwa na ndoto. Jioni, kazi ya kliniki ikiisha, alijifungia katika chumba chake na vyombo vyake vya umeme. Hakuwa fundi wa umeme wala mtaalamu wa fizikia. Mara nyingi hakuweza kujua kama mstari uliotikisika mbele yake ulitoka ubongoni, au ulitoka moyoni, au katika misuli ya paji la uso, au katika nyaya zake mwenyewe.

Tarehe 6 Julai 1924 alimchukua kijana wa miaka 17 aliyekuwa amefanyiwa upasuaji na kuachwa na pengo katika fuvu. Akaziweka nyaya zake juu ya ngozi penye pengo lile, na sindano ya chombo chake ikacheza kidogo. Ulikuwa umeme wa ubongo wa binadamu, uliorekodiwa kwa mara ya kwanza. Mwingereza Richard Caton alikwisha kuuona umeme kama huo kwa wanyama mwaka 1875, lakini hapakuwa na aliyemrekodi mtu.

Mtu mwingine angekimbilia magazetini siku ya pili yake. Berger alinyamaza kwa miaka mitano. Alirudia majaribio tena na tena, akiwapima wagonjwa, akijipima mwenyewe, na akimpima mara nyingi mwanawe Klaus. Kila usiku shaka ilimrudia. Hatimaye, mwaka 1929, alichapisha makala ya kwanza kati ya 14. Alieleza kwamba mtu aliyetulia, amefumba macho, ubongo wake hutoa mawimbi yapatayo 10 kwa sekunde. Afumbuapo macho au akipewa hesabu ya kufanya, mawimbi yale makubwa hupotea na kuachia mengine madogo yaendayo mbio. Mawimbi ya kwanza aliyaita alfa, ya pili beta, na majina hayo yanatumika hadi leo.

Wataalamu wa nchi yake hawakumsadiki. Walimwona daktari wa wendawazimu aliyetekwa na kelele za mashine yake. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews waliporudia majaribio yake huko Cambridge na kuthibitisha kwamba Mjerumani yule hakukosea. Adrian, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1932, alipendekeza mawimbi yale yaitwe kwa jina la Berger. Kumbe katika miaka ile ya kupuuzwa, mnamo 1931 na 1932, Berger alikuwa amekwisha kueleza mawimbi yasiyo ya kawaida ya mgonjwa wa maradhi ya Alzheimer. Kwa mara ya kwanza mtu aliyapata maradhi hayo yangali yanafanya kazi, badala ya kuyakuta yamekwisha kuua.

Hapa naomba nimrudishe msomaji nyumbani kidogo. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, hapa Nairobi, ubongo wa Mwafrika ulikuwa ukipimwa kwa mizani. Dakta H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya Mathari, na F. W. Vint, mtaalamu wa maabara, walidai kwamba bongo za Waafrika waliokufa zilionyesha kuwa watu weusi wamepungukiwa na akili kwa maumbile. Vint alichapisha matokeo yake mwaka 1934. Dai lile lilikuwa batili, na sayansi imekwisha kulitupa jalalani. Lakini lilipata wasikilizaji, kwa sababu walowezi waliokwisha kutwaa ardhi, ikiwemo ya Sotik, walihitaji kuambiwa kwamba waliowanyang'anya hawakuwa watu kamili.

Ningependa kusema kwamba Berger alikuwa kinyume cha hao. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyosimuliwa: kwamba alikuwa mtu mwema aliyechukiwa na Wanazi, wakamwondoa kazini mwaka 1938. Nyaraka zilizochunguzwa baadaye zimetoa habari nyingine. Alistaafu kwa kuwa alitimiza umri. Na kabla ya hapo alikuwa ameketi katika mahakama ya rufaa ya afya ya kizazi huko Jena, iliyoamua ni nani ahasiwe kwa nguvu ili asizae. Sheria ile ilipitishwa mwaka 1933, na kufikia mwisho wa utawala wa Wanazi watu wapatao 400,000 walikuwa wamehasiwa: wenye kifafa, wenye maradhi ya akili, viziwi, vipofu, na waliohukumiwa tu kuwa wapumbavu. Hao walikuwa watu wa aina ileile iliyolala kitandani pake na kuvumilia nyaya zake vichwani.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mtu aliyekuwa na sikio kali kuliko wote duniani, aliyesikia kishindo kidogo cha ubongo ambacho hakuna aliyekisikia kabla yake, aliletewa rufaa za wagonjwa waliokuwa wakilia mbele yake. Mawimbi yao aliyajua. Kilio chao hakikumzuia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Afya ilidhoofika, sononi ikamwelemea, na tarehe 1 Juni 1941, huko Jena, alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 68. Simcheki wala simhukumu kwa hilo, kwani sononi nayo ni maradhi ya ubongo.

Chemchemi aliyoigundua iliendelea kutiririka. Fizikia inatufundisha kwamba panapopita umeme pana sumaku; kwa hiyo ubongo utoao umeme hauna budi kuwa na sumaku yake. Tatizo ni kwamba sumaku hiyo ni dhaifu mara mamia ya mamilioni kuliko sumaku ya dunia iongozayo dira ya baharia. Kuisikia ni kama kusikia unyayo wa sisimizi sokoni Sotik siku ya gulio. Mwaka 1968 mwanafizikia David Cohen, huko Illinois, Marekani, aliipima kwa mara ya kwanza. Mwaka 1972, katika chumba chenye kuta za metali zinazozuia sumaku ya nje, na kwa kutumia kipimo kinachopoozwa kwa heliamu ya maji hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, aliipata kwa usafi zaidi. Ufundi huo huitwa magnetoensefalografia.

Faida yake ni hii. Umeme wa Berger hupotoshwa na fuvu na ngozi, hata ikawa vigumu kujua umetoka pembe gani ya ubongo. Sumaku hupita humo kana kwamba fuvu halipo. Mgonjwa huketi tu, kichwa kikiwa ndani ya kofia kubwa yenye vipimo vipatavyo 300. Hachomwi sindano, hapigwi mionzi. Vipimo husoma mabadiliko ya kila elfu moja ya sekunde na kuonyesha sehemu zipi za ubongo zinaongea na zipi zimeacha kujibizana.

Na kilichoonekana ni nini? Katika maradhi ya Alzheimer, yale mawimbi 10 kwa sekunde hupungua mwendo, na mawimbi mazito ya polepole huongezeka, mfano wa ngoma inayochezwa na mtu aliyechoka. Sehemu za ubongo zilizozoea kwenda pamoja huanza kuachana. Katika maradhi ya Parkinson, mawimbi ya beta katika sehemu zinazoongoza viungo huenda kinyume cha desturi. Watafiti wanatumaini kuyaona mabadiliko hayo mapema, kabla ubongo haujasinyaa kwa kiasi cha kuonekana katika picha za kawaida. Cambridge na Madrid zimekusanya pamoja rekodi za watu 324, wazima na wenye dalili za mwanzo za usahaulifu, ili wataalamu wa kila mahali wazichunguze. Hata hivyo tusidanganyane: hiki bado ni chombo cha utafiti. Hakitibu, na mara chache ndicho kinachotumiwa kuamua ugonjwa. Bei yake ni mamilioni ya dola, kwa hiyo aghalabu hukaa katika vyuo vikuu vya nchi tajiri. Vipimo vipya visivyohitaji heliamu, ambavyo mtu huvivaa kichwani akaweza kujongea, vilionyeshwa Uingereza mwaka 2018, na pengine siku moja vitapunguza gharama hiyo.

Utaniuliza basi, yatufaa nini haya sisi wa Sotik, ambao hata safari ya kumwona daktari wa neva ni ya kuuza ndama? Najibu kwamba yatufaa sana, tena leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi ya kupotewa na akili uzeeni, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mashine zile zimethibitisha kwamba mzee asahauye hachezi shere, hajalaaniwa, wala hajajiunga na wachawi. Ubongo wake unapungua mwendo, na jambo hilo lapimika. Yule atembeaye usiku anatafuta nyumba aliyoijua.

Isitoshe, si kila asahauye ana maradhi yasiyotibika. Kuna wanaosahau kwa upungufu wa vitamini, kwa tezi ya shingo iliyozembea, kwa sononi, kwa maambukizi, au kwa dawa walizopewa. Hayo hupimwa bila kofia ya sumaku, na mengi yake hutibika. Shinikizo la damu likidhibitiwa mapema, mishipa ile aliyoisoma Binswanger huokolewa. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba huo ni uzee tu, kisha akamfungia mlango, amefanya kosa ambalo halina udhuru wa umaskini. Serikali zetu za kaunti ziwafunze wahudumu wa afya wa vijijini kuitambua hali hii, na machifu na wachungaji waisema hadharani katika mabaraza na makanisa. Gharama yake ni ndogo.

Lakini maisha ya Berger yananionya nisiweke imani yangu yote katika vyombo. Vyombo alikuwa navyo, na maarifa alikuwa nayo, ila siku ya kuwatetea wenye ubongo ilipofika alikaa upande wa wenye nguvu. Sisi hatuna chombo chake, lakini tuna jambo ambalo yeye alikosa nafasi tele ya kulitenda na hakulitenda.

Miezi ya mwisho ya kogo, mama yangu alikuwa akimfuata usiku bila kumkemea. Alitembea naye hadi kwenye zizi, wakawahesabu pamoja ng'ombe ambao hawakuwepo, kila mmoja kwa jina lake, kisha akamshika mkono wakarudi kulala. Mama hakujua kusoma mawimbi. Ila katika kijiji kizima, ni yeye aliyekuwa akimsikia.